Mwimbaji, Mpiga Piano na Neno: Uhakiki wa Ufasiri wa Nyimbo za Schubert kwa Sikio la Goma

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna mwimbaji na mpiga piano wanavyoshirikiana katika kufasiri wimbo wa kisanaa, yaani shairi lililoandikwa na mshairi, likatiwa lahani na mtunzi wa muziki, na kukusudiwa kuimbwa na sauti moja pamoja na piano. Wajerumani, ambao kwao fani hii ilistawi katika karne ya 19, huziita nyimbo hizo Lieder, neno ambalo kwao halina maana zaidi ya 'nyimbo'. Mfano wetu mkuu ni mfululizo wa nyimbo 24 uitwao Winterreise, yaani 'Safari ya Majira ya Baridi', ambao Franz Schubert (1797–1828) aliutunga mwaka 1827 kutokana na mashairi ya Wilhelm Müller (1794–1827).

Huenda msomaji akauliza: nyimbo za Vienna zina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili katika mji wa Goma? Swali hilo ni la haki. Jibu letu linatokana na darasa. Katika kipindi cha fasihi simulizi tuliwasikilizisha wanafunzi wimbo wa mwisho wa mfululizo huo, 'Der Leiermann'. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo tulitumia simu na spika ndogo ya betri. Wimbo unamhusu mzee asiye na viatu, anayesimama juu ya barafu nje ya kijiji akichezesha ala ya nyuzi kwa kuzungusha mpini. Hakuna anayemsikiliza, na sahani yake haina kitu. Tulipokwisha kueleza maana ya maneno, mwanafunzi mmoja ambaye jamaa zake waliwahi kuishi katika kambi za pembezoni mwa mji alisema kwamba anayeimba ni mkimbizi, na kwamba ndiyo maana amemtambua mzee yule. Mwenzake akampinga: msafiri huyu hakufukuzwa na bunduki, ameachwa na mchumba tu, tusimvike nguo zetu. Mwalimu alipoombwa kuamua, alimpa haki yule wa pili, kwa sababu matini ilikuwa upande wake. Tangu siku ile uamuzi huo haujatutulia moyoni, na makala haya ni jaribio la kuupitia upya.

2. Kufasiri na Kutafsiri

Kiswahili kina bahati ya kuwa na vitenzi viwili vya jamii moja: kutafsiri, yaani kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na kufasiri, yaani kueleza au kudhihirisha maana iliyofichika. Mwimbaji wa wimbo wa kisanaa hatafsiri. Maneno ni yale yale, noti ni zile zile. Hata hivyo, waimbaji wawili hawawezi kutoa wimbo mmoja. Palipo na tofauti hiyo ndipo penye ufasiri.

Tuchukue wimbo wa kwanza, 'Gute Nacht'. Msafiri anaondoka usiku katika nyumba alikowahi kupokewa vizuri. Piano inaanza kabla yake kwa noti zinazorudiwarudiwa kama hatua za miguu, na inaendelea hadi mwisho karibu bila kupumzika. Katika hati yake ya mkono Schubert aliandika kwamba mwendo uwe wa kiasi na wa kutembea. Je, mtu anatembeaje? Aliyetoka matembezini, aliyebeba mzigo kichwani na anayeogopa kuamsha wenye nyumba hawatembei sawa. Katika onyesho la Dresden la mwaka 1985, Peter Schreier na mpiga piano Sviatoslav Richter walichagua mwendo wa polepole mno, hata msikilizaji akahisi kwamba kila hatua inahitaji uamuzi mpya. Dietrich Fischer-Dieskau na Gerald Moore, waliourekodi mfululizo huu pamoja mwaka 1955, 1962 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakwenda kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba akisimama hataondoka tena. Hakuna neno hata moja lililobadilika, lakini tumepata wasafiri wawili.

Hapa ndipo mkabala wetu wa kawaida wa fani na maudhui unapofikia kikomo chake. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba maudhui ni kile kinachosemwa na fani ni jinsi kinavyosemwa. Katika ubeti wa mwisho wa wimbo huo, lahani inahama kutoka ngazi ya maina hadi ya meja wakati msafiri anapokumbuka kwamba binti yule amelala na hapaswi kusumbuliwa. Je, badiliko hilo ni fani au maudhui? Shairi halisemi kwamba amesamehe. Halisemi pia kwamba anajidanganya. Muziki unafungua mlango tu, na ni juu ya mwimbaji na mpiga piano kuonyesha kama ndani mna msamaha au ndoto. Kwa hiyo sehemu moja ya maudhui haikuwamo katika maandishi kabla ya kuimbwa.

3. Je, Mpiga Piano Anasindikiza?

Katika kwaya zetu husemwa kwamba mpiga kinanda 'anamsindikiza' mwimbaji. Neno hili linastahili kuchunguzwa. Kwa desturi zetu, mwenyeji humsindikiza mgeni hadi njia panda, kisha hurudi nyumbani, na safari hubaki kuwa ya mgeni. Msindikizaji ni mtu wa heshima, lakini safari si yake.

Gerald Moore (1899–1987), Mwingereza aliyetumia maisha yake kupiga piano pamoja na waimbaji, alipinga fikra hiyo. Mwaka 1943 alitoa kitabu cha kuitetea kazi yake, The Unashamed Accompanist, na mwaka 1962 akazipa kumbukumbu zake jina la swali analojiuliza mpiga piano mnyenyekevu: Am I Too Loud?, yaani 'Je, napiga kwa sauti kubwa mno?' Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba katika wimbo wa kisanaa hakuna bwana na mtumishi. Wapo wawili wanaosoma shairi moja.

Ushahidi wa hoja hiyo umo katika nyimbo zenyewe. Mwaka 1814, akiwa na umri wa miaka 17, Schubert alitunga 'Gretchen am Spinnrade' kutokana na maneno ya Goethe. Msichana anasokota uzi na kumkumbuka mpenzi wake. Mkono wa kulia wa piano unazunguka kama gurudumu tangu mwanzo. Msichana anapofikia kumbukumbu ya busu, gurudumu linasimama. Kisha linajaribu kuanza tena, linakwama, linaanza. Mwimbaji haambiwi aeleze kwamba mikono imesahau kazi. Piano ndiyo iliyosahau. Mpiga piano akiharakisha kulirudisha gurudumu, amelifuta tukio kubwa kuliko yote katika wimbo, na mwimbaji hata angekuwa na sauti ya dhahabu hawezi kulirudisha.

Katika 'Der Leiermann' mgawanyo huo unafika mbali zaidi. Mkono wa kushoto unashikilia noti mbili tu, zenye umbali kama ule wa do na sol, tangu mwanzo hadi mwisho, kama ala ya yule mzee isivyoweza kubadili mvumo wake. Mkono wa kulia unapiga kipande kifupi cha lahani, mwimbaji anajibu, piano inarudia. Aghalabu hawasemi pamoja, wanapokezana. Kwa maneno mengine, piano si msindikizaji wa msafiri. Piano ni yule mzee. Mwishoni msafiri anamuuliza kama waende pamoja na kama ala yake itazifuata nyimbo zake. Mzee hajibu kwa maneno. Anaendelea kuzungusha mpini, piano inafifia, na mfululizo mzima umekwisha. Anayestahili jina la kusindikiza hapa, kama lipo, ni mwimbaji.

4. Mkazo, Irabu na Kosa la Vitabu vya Nyimbo

Tukiwa wanaisimu, tuna jambo la kusema ambalo wanamuziki huenda wakalipuuza. Schubert alitunga kwa kufuata mkazo wa Kijerumani. Katika wimbo wa kwanza na wa mwisho wa Winterreise, mishororo hupokezana: mmoja huishia kwa silabi dhaifu, unaofuata huishia kwa silabi yenye nguvu. Kiswahili hakina uhuru huo. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya silabi moja yenye uzito wa maana ni haba. Kwa sababu hiyo mshororo wa Kiswahili, karibu bila ubaguzi, huishia kwa silabi dhaifu.

Athari yake inasikika kila Jumapili. Tenzi nyingi za makanisa yetu zilitafsiriwa kutoka lugha za Ulaya zikibaki na lahani zake. Watafsiri walihesabu silabi kwa uaminifu, lakini hawakuhesabu mkazo. Matokeo ni kwamba noti ndefu ya mwisho, iliyotungwa kubeba silabi yenye nguvu, hubebeshwa silabi dhaifu, na 'Baba' akawa 'baBA', 'moyo' ukawa 'moYO'. Tumezoea, na kwa kuwa tumezoea hatusikii tena. Lakini mkazo katika Kiswahili si pambo. Lipo neno barabara lenye mkazo katika 'ba' ya pili, ambalo ni njia kuu, na lipo barabara lenye mkazo katika 'ra' ya kwanza, ambalo maana yake ni 'sawasawa'. Lahani isiyojali mkazo inaweza kuligeuza moja kuwa jingine.

Tofauti ya mapokeo haina budi kuelezwa hapa. Ushairi wa kimapokeo wa Kiswahili huhesabu mizani na kulinganisha vina, na kina hukaa katika silabi ya mwisho, ile ile isiyo na mkazo. Shairi hilo halikuteseka kwa kuimbwa, kwa sababu mahadhi ya utenzi humwachia mwimbaji nafasi ya kurefusha na kufupisha kulingana na neno. Lahani iliyoandikwa kwa noti haina ukarimu huo. Kwa hiyo yeyote atakayejaribu kuutia Winterreise katika Kiswahili cha kuimbwa atalazimika kuchagua: ama aigawe noti ya mwisho iwe mbili, jambo ambalo wanaomtukuza Schubert watalaumu, ama avunje mkazo, jambo ambalo sisi hatuna budi kulilaumu. Maoni yetu ni kwamba noti igawanywe. Noti iliyogawanywa ni jeraha dogo. Neno lililovunjwa mkazo halifasiriki tena.

Kwa upande mwingine, mwimbaji wa Goma anayependa kuimba kwa Kijerumani chenyewe hana mikono mitupu. Silabi wazi za Kiswahili zimemzoeza kuibeba irabu hadi mwisho wake. Kifaransa cha shule kimempa irabu za mbele zinazotamkwa kwa kuviringa midomo, ambazo Kiswahili hakina na Kijerumani kinazihitaji. Kama anasema Kinande, amezoea mfumo wa irabu saba. Kama anasema Kinyarwanda, sikio lake linajua kwamba urefu wa irabu hubadili maana. Kinachomshinda ni mlundikano wa konsonanti mwishoni mwa neno, ambako kila mmoja wetu huvutwa kuongeza irabu ndogo. Huo ni ugumu wa mazoezi. Si ugumu wa asili ya mtu.

5. Somo la Inanga

Wapo wanaodhani kwamba ushirikiano huu wa sauti na ala ni jambo geni kwetu. Dhana hiyo haina msingi. Majirani zetu wa Burundi wana inanga, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama chano, na Wabashi wa Kivu ya Kusini wana ya jamii hiyo wanayoiita lulanga. Katika mtindo mmoja wa Burundi, mwimbaji hanyanyui sauti; ananong'ona. Mnong'ono hauna toni, ilhali Kirundi ni lugha ya toni. Nyuzi ndizo zinazozipiga toni ambazo mnong'ono umeziacha, na hivi viwili vinaungana katika sikio hata msikilizaji akadhani kwamba sauti ya mtu ndiyo inayoimba lahani.

Tukitazama kwa makini, hili ni jambo kubwa. Katika inanga ya mnong'ono, ukiiondoa ala huna wimbo usiosindikizwa. Una maneno yaliyopungukiwa na sehemu ya umbo lake. Ala imo ndani ya lugha. Nadharia yetu ya fasihi simulizi inamtaja fanani na hadhira, lakini haina jina la kutosha kwa yule anayeshika nusu ya neno kwa vidole. Hata katika maandishi kuhusu taarabu, Siti binti Saad (1880–1950), ambaye santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, husifiwa kwa sauti na kwa maneno, huku wapigaji waliosafiri naye wakitajwa kama orodha. Tunashauri pengo hilo lizibwe, na kwamba wimbo wa kisanaa wa Ulaya na inanga visomwe pamoja, kila kimoja kikimulika kingine.

6. Nani Ana Haki ya Kufasiri?

Tunarudi sasa kwenye mabishano ya darasani. Swali la haki ya kufasiri lilikwisha kujibiwa jukwaani kabla halijafika kwetu. Mwaka 1924, mwimbaji Mmarekani mweusi Roland Hayes (1887–1977), mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, alipanda jukwaa la Berlin na kupokewa kwa mizomeo. Alisubiri, kisha akaanza kwa wimbo wa Schubert, 'Du bist die Ruh', ambao huanza kwa sauti ya chini kabisa. Ukumbi ukanyamaza. Tarehe 9 Aprili 1939, Marian Anderson (1897–1993), aliyenyimwa ukumbi mjini Washington kwa sababu ya rangi yake, aliimba mbele ya mnara wa Lincoln kwa watu wapatao 75,000. Katika nyimbo alizochagua zilikuwamo 'Ave Maria' ya Schubert na nyimbo za kiroho za watu wake. Lotte Lehmann, mwanamke, aliurekodi Winterreise mwanzoni mwa miaka ya 1940 akiwa uhamishoni Marekani, ingawa msafiri wa Müller ni mwanamume.

Karibu na zama zetu, mwaka 2014, tamasha moja la Vienna lilionyesha kazi mbili zinazotuhusu. Msanii wa Afrika Kusini William Kentridge aliuzungushia Winterreise picha zake za mkaa zinazotembea, Matthias Goerne akiimba na Markus Hinterhäuser akipiga piano. Serge Kakudji, Mkongomani mwenzetu mwenye sauti ya juu isiyo ya kawaida kwa wanaume, alikuwamo katika Coup Fatal, ambamo nyimbo za Ulaya za karne ya 17 na 18 zilichezwa na wanamuziki wa Kinshasa kwa likembe, gitaa na ngoma. Hakuna aliyewaomba hati ya asili.

Hata hivyo, haki ya kufasiri si ruhusa ya kusema lolote. Mwanafunzi wa pili alikuwa ameshika jambo la kweli: matini inataja mapenzi yaliyovunjika na binti aliyekwisha kuwa bibi arusi wa kitajiri. Tukimwita msafiri mkimbizi kwa sababu tu sisi tumekimbia, mwaka 2002 mbele ya lava ya Nyiragongo, mwaka 2021 tena, na mara nyingi zaidi mbele ya silaha, tutakuwa tumejisikiliza wenyewe, na wimbo utakuwa umetumika kama kioo tu. Kisa cha ukimbizi wetu kinastahili nyimbo zake chenyewe. Hakihitaji kujificha ndani ya shairi la Mjerumani.

Lakini mwanafunzi wa kwanza naye hakuwa amekosea kama tulivyodhani. Hakusema kwamba shairi linahusu vita. Alisema kwamba msafiri amemtambua mzee. Tulipousikiliza upya wimbo wa mwisho kwa masikio yake, tuliona kwamba kisa cha mchumba kimekwisha kutoweka: katika nyimbo za mwisho binti hatajwi kama mwanzoni, na kinachobaki ni mtu asiye na mlango wa kubisha, anayekutana na mwingine wa namna hiyo. Müller alitoa sababu ya kuondoka. Muziki ulipofika mwisho umebaki na hali ya kutokuwa na pa kurudi. Wapo pia wahakiki waliokumbusha kwamba Vienna ya Schubert ilikuwa chini ya wakaguzi wa Metternich, na kwamba kibanda cha mchoma makaa anamopumzika msafiri huenda kinadokeza wapinzani wa siri wa Italia walioitwa 'wachoma makaa'. Hatuijengi hoja yetu juu ya dokezo hilo, lakini linatosha kuonyesha kwamba usomaji wa mapenzi pekee nao ni ufasiri, si matini yenyewe.

Uamuzi wetu wa darasani, kwa hiyo, ulikuwa na kasoro. Tuliyahukumu maneno, ilhali mwanafunzi alikuwa akiifasiri piano. Alisikia zile noti mbili zisizobadilika, akasikia swali lisilojibiwa, akajua maana yake kabla hajaelezwa Kijerumani.

7. Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, ufasiri wa wimbo wa kisanaa ni kazi ya wawili, na neno 'kusindikiza' halitoshi kuueleza. Pili, mkazo wa Kiswahili unadai uangalifu ambao watafsiri wa tenzi hawakuuonyesha, na ambao mtu yeyote atakayeziimba nyimbo hizi kwa lugha yetu hataweza kuukwepa. Tatu, msikilizaji wa Goma ana haki kamili ya kuufasiri wimbo wa Schubert, mradi akubali kuhojiwa na maneno na noti zake.

Tunapendekeza kwamba idara zetu zianze na hatua ndogo isiyohitaji fedha: mwanafunzi wa lugha na mpiga kinanda mmoja wa kwaya wakae pamoja na wimbo mmoja, wautafsiri, wauimbe, na waandike kila mahali mkazo na lahani vinapogombana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Na mgeni huyu wa miaka karibu 200 amekwisha kutuonyesha udhaifu wa vitabu vyetu vya tenzi na pengo la nadharia yetu. Tutashukuru kusomewa makosa na wenzetu wanaoujua muziki kuliko sisi. Ama yule mwanafunzi wa kwanza, jibu lake limeandikwa hapa kwa kuchelewa, na tumekwisha kumwambia kwamba alama yake ya mjadala ule imesahihishwa.